Mlezi wa Watoto wa Mtaa: Tumchague kwa Jicho la Nani?

Ninyi mnaolea watoto wadogo mijini, leo tuzungumze jambo ambalo wanandoa wengi hulimaliza kwa dakika tano mlangoni asubuhi, mmoja akitafuta viatu na mwingine akikimbilia matatu. Nalo ni hili: mtoto abaki na nani? Tena tulitazame kwa upande ambao hatujauzoea. Hatusemi juu ya yaya wa nyumbani kwako peke yako. Tunasema juu ya mlezi atakayepewa chumba katika ukumbi wa jamii, jengo ambalo ni mali ya kaunti, ili awatunze watoto wa mtaa mzima.

Hapa Nairobi kumbi za namna hiyo ziko tangu zamani. Watu wa Kaloleni na Pumwani wanazijua vizuri. Zilikuwa chini ya Baraza la Jiji, na tangu mwaka 2013 ziko mikononi mwa Serikali ya Kaunti. Humo watu wamefanya arusi, mikutano, mafunzo ya ushonaji na mazoezi ya ndondi. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Mwaka 2017 Bunge la Kaunti ya Nairobi likapitisha sheria ya vituo hivyo. Kwa hiyo kituo cha watoto katika jengo la umma si zawadi ya mwanasiasa wakati wa kampeni. Ni wajibu wa kaunti, na wazazi wana haki ya kusema neno, maana Katiba hiyo hiyo inataka wananchi washirikishwe.

Tuseme basi tangazo limebandikwa mlangoni mwa ukumbi. Chumba kimoja kitafanywa bebikea, kama wengi tunavyosema mitaani. Walezi wanaotaka kazi walete maombi, na wazazi wachague wenzao wachache wakae katika kamati pamoja na maofisa wa kaunti. Wewe au mwenzi wako mmechaguliwa. Je, utaingia katika kikao kile na moyo gani? Moyo wa mzazi anayemtafutia mwanawe, au moyo wa hakimu asiyejua mtoto wa nani ni nani?

Jambo hili ni la baba na mama

Baba mmoja akisoma hapa atasema, "Hayo ni mambo ya mama watoto." Sivyo, ndugu yangu. Tazama sheria ya kazi ya mwaka 2007. Inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3, na baba wiki 2. Madaktari nao wanatushauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Toa 3 katika 6, inabaki miezi 3 ambayo mtoto bado ni wa kifuani lakini mama ameitwa kazini. Na huyo ni mama aliyeajiriwa. Mama anayefua nguo za watu kwa kibarua, au anayeuza mboga sokoni, hana likizo hata ya siku moja inayolipwa. Asipotoka, jioni hakuna unga.

Pengo hilo huziba vipi? Zamani nyanya alikuwepo, na jirani alikuwa kama dada. Siku hizi nyanya yuko mashambani na jirani naye ametoka kutafuta. Ndipo msichana wa miaka kumi anapoachishwa shule ili ambebe mdogo wake, au mtoto anapofungiwa ndani na kufuli likawekwa nje. Moto wa nyumba za mabati hautofautishi mlango uliofungwa kwa mapenzi na ule uliofungwa kwa ubaya.

Wako wanaosema kituo cha watoto kinawafanya akina mama kuwa wavivu. Utafiti uliofanywa mtaa wa Korogocho, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019, ulionyesha kinyume. Akina mama waliosaidiwa kulipia malezi ya watoto walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa kazini kuliko wenzao wasiosaidiwa. Basi, baba, mlezi wa mtoto si msaidizi wa mkeo. Ni msaidizi wa nyumba yenu nzima. Hata chakula unachokipata mezani kimepita mikononi mwake kwa njia fulani. Mkono mmoja haulei mwana, na mkono wa pili usingoje kuitwa.

Bei ya chini hulipwa na nani?

Tufike sasa kwenye kikao. Jambo la kwanza litakaloulizwa ni bei. Mlezi wa kwanza anasema shilingi 100 kwa siku kwa kila mtoto. Wa pili anasema 70. Wengi watapiga makofi kwa wa pili, na tunawaelewa, kwa sababu mifuko yetu imetoboka. Lakini kabla ya kupiga makofi, tufanye hesabu kidogo ya mfano.

Mlezi ana watoto 8 kwa shilingi 100. Anapata 800. Uji na chakula cha mchana, tuseme shilingi 30 kwa kila mtoto, ni 240. Maji, makaa na sabuni, 110. Kodi ya chumba ikigawanywa kwa siku, 150. Jumla ya matumizi ni 500. Anabaki na shilingi 300 kwa kazi ya tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka jioni, na bado hajamlipa msaidizi. Sasa shusha bei iwe 70. Anapata 560, anabaki na 60. Hakuna mtu anayeweza kuishi kwa 60. Kwa hiyo atafanya moja kati ya mambo mawili. Ataufanya uji uwe mwepesi, au atachukua watoto 20 mahali pa 8. Mikono yake, hata hivyo, itabaki miwili.

Mnaona basi kwamba bei ya chini haikupotea hewani. Imelipwa, na aliyeilipa ni mtoto ambaye hawezi kusema. Amelipa kwa nepi isiyobadilishwa, kwa kilio kisichojibiwa, au kwa kijiko cha dawa ya mafua ili alale mchana kutwa bila kusumbua. Wahenga walisema rahisi ni ghali.

Hapa ndipo tunapoona faida ya jengo kuwa la umma. Katika hesabu yetu, kodi ilikuwa shilingi 150. Kaunti ikitoa chumba bila kodi, na maji yakiwa ya ukumbi, fedha hizo zinaweza kumpunguzia mzazi bei, au kumlipa msaidizi ili mikono iwe minne. Lakini kaunti ikikikodisha chumba kile kwa mwenye kutoa kodi ya juu kuliko wote, kana kwamba ni duka, kodi hiyo itatoka wapi? Itatoka katika sufuria ya uji. Tukumbuke kwamba Katiba, katika Kifungu cha 227, inataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa wazi, wa ushindani na wenye thamani ya fedha zinazotumika. Haikusema mwenye bei ya chini ndiye mshindi daima. Na Kifungu cha 53 kinasema maslahi ya mtoto ndiyo yenye uzito wa kwanza katika kila jambo linalomhusu. Mjumbe wa kamati akiulizwa kwa nini hamkuchukua wa 70, anayo majibu, wala asione haya kuyatoa.

Shemeji yako akiomba kazi

Sasa tuje kwenye jambo linaloleta ugomvi nyumbani. Mume yuko katika kamati. Miongoni mwa walioomba kazi yuko dada wa mke wake, mama mpole, hana kazi, ana watoto wanne. Mke anasema usiku, "Wewe uko pale. Utamwachaje dada yangu alale njaa na nafasi iko mkononi mwako?" Ni neno zito. Si neno la mtu mbaya. Ni neno la mtu anayempenda ndugu yake.

Tulipime kwa utaratibu. Kumpenda ndugu ni vizuri, na asiyewajali watu wake ana kasoro. Lakini nafasi ile si mali ya mume. Ni mali ya watoto watakaolala katika chumba kile, na wazazi wao wamempa aishike kwa niaba yao. Mtu akigawa kilicho chake huitwa mkarimu. Akigawa cha mwenzake ana jina jingine. Kama shemeji anafaa, wengine katika kamati wataona kwamba anafaa. Kama hafai, basi mume amemlisha shemeji kwa hatari ya mtoto wa jirani.

Njia iliyo safi ni hii. Mume aseme mbele ya kamati, mapema, kabla ya maombi kufunguliwa, "Huyu ni shemeji yangu." Kisha atoke nje wakati wa kumjadili. Asipige kura, wala asimnong'oneze mwenyekiti kesho yake. Na kwa mke wake aseme ukweli huo huo usiku ule ule, kwa upole, asimwachie matumaini ya uongo. Wanandoa wengi hawagombani kwa sababu ya uamuzi. Hugombana kwa sababu mmoja aliahidi kwa kunyamaza. Afadhali machozi ya usiku mmoja kuliko kinyongo cha miaka mitano.

Tena wapendwa, undugu si wa damu tu. Kuna undugu wa chama, wa kabila, wa jumuiya na wa kutoka kijiji kimoja. Mzani ni ule ule. Ukimkubali mtu kwa sababu ambayo huwezi kuitaja kwa sauti mbele ya wazazi wote, sababu hiyo haifai.

Karatasi na mikono

Mara nyingi watakuja waombaji wa namna mbili. Wa kwanza ni shirika au kampuni ndogo yenye faili nzuri, picha za rangi na barua za mhuri. Wa pili ni mama wa mtaa aliyelea watoto kwa miaka mingi katika chumba cha mabati. Hana faili, lakini watoto wakimwona njiani humkimbilia.

Wengine watasema, "Sheria inataka vyeti, mama huyu atoke." Wengine watasema, "Vyeti havibembelezi mtoto, faili itoke." Wote wana nusu ya ukweli. Cheti ni ulinzi. Cheti cha polisi cha tabia njema, cheti cha afya cha mtu anayeshika chakula na leseni ya kituo vyote vipo kwa sababu watoto waliwahi kuumia mikononi mwa watu waliosifiwa kwa mdomo tu. Tusivichezee. Lakini cheti kinaweza kupatikana kwa miezi michache, na upendo wa mtoto haupatikani hivyo. Basi mama yule asifukuzwe. Apewe muda na msaada wa kutafuta karatasi, na mafunzo ya huduma ya kwanza, halafu apimwe kama wengine.

Na shirika lile liulizwe swali moja: ni nani hasa atakayembeba mtoto saa nne asubuhi? Mwenye faili mara nyingi si mwenye mikono. Mkurugenzi ataonekana siku ya kufungua kituo, kisha ataajiri msichana kwa mshahara mdogo kupita kiasi, naye ataondoka baada ya miezi miwili. Mtoto mdogo hujenga imani yake juu ya uso mmoja na sauti moja. Nyuso zikibadilika kila mara, hajui tena amlilie nani. Tumwite basi kamatini yule atakayeshika watoto, tumwone, tumsikie akizungumza. Na tuulize atalipwa kiasi gani. Haifai sisi tulalamike juu ya waajiri wetu, kisha tufurahie mlezi wetu akilipwa vibaya zaidi kuliko sisi. Naye ana watoto nyumbani.

Mambo ya kuangalia kwa macho

Maneno ya kikao hayatoshi. Kamati iende mahali ambapo mwombaji anafanya kazi sasa, bila kutoa habari. Saa nne asubuhi ni saa nzuri, kwa kuwa watoto wengi huwa macho wakicheza. Ukikuta wote wamelala fofofo saa hiyo, uliza kwa nini. Kisha angalia haya:

1. Hesabu watoto, kisha hesabu watu wazima. Wachanga wanahitaji mikono mingi kuliko wakubwa. Jiulize, moto ukitokea, mtu huyu atatoka na wangapi?

2. Tazama jiko liko wapi. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua watoto usingizini.

3. Tazama maji, choo na mahali pa kubadilishia nepi. Je, mlezi hunawa mikono kabla ya kushika chupa ya uji?

4. Uliza nani anaruhusiwa kumchukua mtoto jioni, na kama kuna daftari. Mlango unaomruhusu kila mtu anayesema "mimi ni mjomba wake" si mlango.

5. Subiri mpaka mtoto mmoja alie. Usiseme neno. Tazama mlezi anafanya nini katika dakika ya kwanza. Hapo utajifunza mengi kuliko katika faili yote.

6. Uliza kuhusu mtoto mlemavu, na mtoto aliyeamka na homa. Jibu la "huyo hatumtaki" lina maana katika jengo la umma kuliko katika nyumba ya mtu binafsi.

7. Uliza kama mzazi anaweza kuingia wakati wowote bila kubisha hodi mara tatu. Mlezi mwema haogopi mlango wazi.

Mama asiye na shilingi leo

Kuna swali moja zaidi, na ndilo linalopima kama kituo ni cha jamii kweli. Mama wa kibarua amekosa kazi jana, leo hana hata shilingi. Amesikia mahali pana nguo za kufua. Amefika mlangoni na mtoto mgongoni. Mlezi afanye nini?

Akimrudisha, jengo la watu wote limemfungia yule aliyelihitaji kuliko wote. Akimpokea bure, yeye na wa kesho na wa keshokutwa, mlezi atashindwa kununua unga. Sisi wajumbe wa kamati hupenda kumwambia mlezi, "Uwe na huruma, mama." Lakini huruma inayolipwa na tumbo la mtu mwingine si huruma yetu. Tukitaka mtoto yule apokelewe, tuseme mapema fedha itatoka wapi. Labda kaunti itagharimia idadi fulani ya nafasi kila siku, au wazazi wataweka mfuko mdogo wa wiki. Jambo hilo liandikwe katika mkataba kabla ya funguo kutolewa, lisiachwe kwa moyo wa mtu mmoja aliyechoka.

Sasa tunaweza kulijibu swali letu la mwanzo. Tusiingie na jicho la mzazi peke yake, kwa sababu mzazi huona wa kwake tu. Wala tusiingie na jicho la hakimu peke yake, kwa sababu hakimu anaweza kuhesabu karatasi bila kumwona mtoto. Tumchukue mtoto wa mama yule wa kibarua, tumweke katika mawazo yetu mahali pa mtoto wetu, kisha tuulize: je, ningemwacha hapa nikaenda kazini nikiwa na amani? Mlezi anayemfaa mtoto yule atawafaa na wengine wote. Anayewafaa wenye uwezo tu hajatufaa.

Baada ya kuchagua

Tunaijua habari ya mtoto Musa katika kitabu cha Kutoka. Binti Farao alihitaji mlezi, na dada wa mtoto ndiye aliyempendekeza, naye alikuwa mama mzazi mwenyewe. Tuangalie mambo mawili madogo ambayo hupita upesi. Binti Farao aliahidi mshahara, ingawa alikuwa na nguvu ya kuamuru tu. Na dada yule hakukiacha kikapu majini akaenda zake. Alisimama kwa mbali atazame kitakachompata mtoto.

Nasi tusimame. Kuchagua si kumaliza. Wazazi wapeane zamu ya kupita kituoni, baba naye awe na siku yake, si kwa kupeleleza bali kwa kujua. Mtoto akirudi nyumbani jioni, mwogesheni wenyewe, mtazame ngozi yake, msikilize anavyocheza na mwanasesere, maana atamtendea kama anavyotendewa. Penye shaka, semeni mapema na kwa heshima. Penye wema, semeni pia. Mlezi anayeshukuriwa hufanya kazi kwa moyo mwingine. Na uamuzi wenu usiwe wa milele. Mkataba uwe wa muda, upimwe kila mwaka.

Maswali ya wanandoa kuzungumza jioni

Je, kila mmoja wetu anajua jina kamili la anayemlea mtoto wetu, na mahali anapoishi? Baba alifika huko lini mara ya mwisho? Tunamlipa kwa siku tuliyokubaliana, au tunamfanya angoje? Je, kuna mtoto katika ploti yetu anayefungiwa ndani mchana? Na kaunti ikituita kesho kutoa maoni juu ya ukumbi wetu, ni nani kati yetu atakwenda, na atasema nini kwa ajili ya mtoto huyo?